Pua ya Nuhaila Kati ya Picha Mbili

Jumatatu, 7 Julai

Zhor ametishia kuondoka. Nimeshindwa kula.

Nianze mwanzo. Mama ni mpambaji wa maharusi. Anakodisha kaftani, mikanda ya dhahabu na ile machela ya kumbebea bibi harusi mabegani, na siku yenyewe anasimamia kila kitu mpaka pini ya mwisho. Zhor ndiye sauti yake. Bibi harusi akitokea, Zhor anatangulia, anamswalia Mtume kwa sauti ya kupasua vioo, anamsifia binti wa watu, wanawake wanaitikia kwa vigelegele. Bila sauti hiyo bibi harusi anaingia kama mtu aliyekuja kulipa bili ya maji.

Msimu huu maharusi hawaji. Wanakwenda kwa Bi Touria, kule mji mpya. Ana duka lenye kiyoyozi. Ana ukurasa mtandaoni wenye picha za kutelezesha: unasukuma kidole, anakuja bibi harusi wa kijani, unasukuma tena, wa dhahabu, tena, wa buluu. Huwezi kuacha. Mimi mwenyewe nimesukuma mpaka kidole kikapata joto, na Touria ni adui wa nyumba yetu.

Leo Zhor alikuwa anakunja mikanda. Akamwambia mama, bila kuinua macho, kwamba Touria amemtaka. Kwamba yeye ana watoto na watoto hawashibi heshima. Atasubiri mpaka mwisho wa mwezi, asije akaambiwa hana shukrani. Mama akanigeukia kwa lile jicho lake la kukagua kitambaa, akasema basi, Wiam atashika nafasi. Ana miaka kumi na sita na koo zima.

Mimi. Mimi ambaye mwalimu akiita jina nanyoosha mkono ili nisiseme "nipo". Mimi ninayenunua maziwa kwa kuonyesha kidole. Nisimame mbele ya ukumbi mzima na nipaze sauti.

Nimepanda paani. Nimeshuka. Nimepanda tena. Maharusi lazima waje ili Zhor abaki. Nitatengeneza picha za kutelezesha. Kwa hilo halihitajiki koo.

Jumanne, 8 Julai

Kazi imeanza na imekwisha, yote leo.

Hatuna bibi harusi wa kupiga picha, kwa hiyo nikachukua sanamu ya dukani. Haina kichwa. Haidhuru. Nikaipiga ikiwa na taulo la hamamu, kisha na kaftani ya kijani ya siku ya hina, kisha nyeupe, kisha ya dhahabu, na mwisho na taji lililowekwa shingoni maana hapakuwa na pengine. Safari nzima ya bibi harusi, kutoka bafuni mpaka enzini. Nilijiona msanii.

Nikazipanga kwanza kwenye karatasi, kama kawaida yangu, kuanzia kulia, kama daftari la Kiarabu. Halafu nikaziingiza kwenye simu nikianzia kushoto, kama daftari la Kifaransa. Sikuona kosa. Hiyo ndiyo faida ya kusomeshwa lugha mbili: unaweza kukosea pande zote.

Nikaweka. Nikazima simu. Nikaiwasha. Nikaizima. Nikaiwasha.

Watu walikuwa wakisukuma kidole na kumwona malkia akivuliwa taji, akivuliwa dhahabu, akivuliwa nyeupe, mpaka anabaki na taulo. Bila kichwa.

Touria aliandika chini yake, na vicheko vingi: "Kwa Batoul unaingia malkia, unatoka na taulo."

Batoul ni mama. Zhor alipoona alicheka mpaka akakaa juu ya koni za sukari za zawadi za harusi. Mama akauliza kuna nini. Nikajibu kwa kikohozi. Nimefuta zote.

Jumatano, 9 Julai

Leo Nuhaila amekuja kupima nguo. Ndiye bibi harusi pekee tuliye naye mwezi huu. Anafanya kazi duka la dawa, anacheka kwa sauti, anaongea na kila mtu kana kwamba amemzaa. Namwonea wivu. Hina yake ni Alhamisi ya wiki ijayo, harusi Jumamosi yake.

Alikuja na bibi yake, Hajja Rkia. Mwanamke mfupi mwenye fimbo asiyoihitaji. Anaitumia kunyooshea watu. Nikaomba ruhusa ya kupiga picha za ukurasa wetu. Niliomba kwa kumnong'oneza mama, mama akasema kwa sauti.

Hajja alifikiri. Akasema nipige nguo, nipige mikono, nipige mgongo, nipige hata viatu nikipenda. Lakini uso wa mjukuu wake hauonekani na mtu kabla ya hina. Jamaa wa bwana harusi watauona siku hiyo, mbichi, haujaguswa na kijicho cha mtu yeyote. Akaninyooshea fimbo, akauliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Akamuuliza mama kama mtoto huyu ana ulimi. Mama akasema anao, ila ameuweka akiba.

Kuna aina nyingine ya picha za kutelezesha, nimeigundua jana kwa hasira. Unapiga picha moja ndefu, unaikata vipande, na mtu akisukuma kidole vipande vinaungana kama havijawahi kukatwa. Nikapanda juu ya kiti nikapiga. Kushoto machela. Kulia mama amepiga magoti na pini mdomoni. Katikati Nuhaila na kaftani ya dhahabu, amerusha kichwa nyuma, anacheka.

Ni picha nzuri kuliko zote za Touria. Na ina uso.

Nikaufifisha uso. Akafanana na mshukiwa gazetini. Nikambandika ua. Akafanana na chombo cha maua. Nikamkata kichwa. Tumeshapita huko.

Nimezunguka chumba mpaka mama akagonga ukuta. Na hapo nikaona. Vipande! Nikikata hapohapo, katikati ya pua, picha ya pili inabaki na jicho moja, shavu moja na tundu moja la pua. Picha ya tatu hivyohivyo. Uso uko wapi? Haupo popote. Hajja alikataza uso. Hakutaja nusu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeweka. Mioyo inamiminika. Sijui watu hawa wametoka wapi.

Kabla ya chakula cha mchana akina mama watatu walikuwa wameulizia bei. Mmoja anataka siku ya hina ya binti yake iwe Alhamisi ijayo, maana mpambaji wake amemtupa. Mama alisoma ujumbe ule akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama tunda. Akaniuliza nimefanyaje. Nikainua mabega.

Zhor naye akaangalia. Akasukuma kidole, akasukuma, akasema kwa Touria kwenyewe kuna baridi, kiyoyozi kile kitamuua mtu. Akaenda kuchemsha chai.

Nimekula. Nimekula mara mbili. Kisha nikarudi kwenye simu, maana kutulia siwezi. Jambo moja sikulielewa. Watu wanaandika: "Mashallah, macho hayo." Macho? Nimewapa moja moja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetumwa na sinia ya mikate kwenye tanuri la mtaa. Foleni ndefu, wanawake wote na simu. Hakuna aliyepiga soga. Nikadhani kuna msiba.

Mwanamke wa nyumba ya pembeni alikuwa akimfundisha mama mkwe wake. "Siyo hivyo, mama, usikimbize. Sukuma nusu tu, halafu kizuie kidole hapohapo. Eeeh. Mwone sasa."

"Kumbe ana kishimo shavuni," alisema mama mkwe.

Mwingine akadakia kwamba pua ile ni ya baba yake, nakala halisi, masikini. Mwingine akasema pua si hoja, mbona baba yake alioa.

Nikachungulia simu iliyokuwa karibu. Kidole gumba kimegandamizwa katikati ya kioo, nusu ya picha ya pili huku, nusu ya picha ya tatu kule, na baina yao Nuhaila mzima, anacheka, meno yote. Vile vipande nilivikata vizuri mno. Vinaungana bila hata unywele kupotea.

Foleni nzima walikuwa wameganda na vidole gumba kwenye simu, kama watu wanaozuia damu.

Nikakimbia. Mikate nikaiacha. Nikarudi kuifuata. Mama akauliza mbona nahema, nikaonyesha jua.

Nifute zote? Na wale mama watatu? Na Zhor, aliyeanza kuusema vibaya kiyoyozi? Nikajaribu kuchomeka picha ya birika katikati ya nusu mbili. Mtandao unakataa. Ukishaweka huwezi kuongeza. Unaweza kuondoa tu.

Kuondoa tu. Hebu nifikiri.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeondoa nusu moja. Ile ya kushoto. Sasa hata mtu akizuia kidole mpaka kesho, jicho la Nuhaila linaungana na pazia la machela. Rahisi. Sijui kwa nini nilihangaika jana.

Asubuhi njema. Nilifagia duka bila kuambiwa.

Shida ilianza mchana. Watu wanauliza upande ule mwingine umekwenda wapi. Mbona jana ulikuwepo. Nani ameuondoa na kwa sababu gani. Wale ambao hawakuuona jana ndio wanaoeleza zaidi. Mpaka alasiri Nuhaila alikuwa na kengeza. Baadaye kidogo kengeza likawa jicho la kioo. Zhor ametoka sokoni akasema huko binti amekwisha kung'atwa na mbwa akiwa mdogo, na kuna mtu anamjua mbwa.

Touria ameandika maneno mawili: "Mungu amponye."

Hakuweka hata kicheko kimoja. Mwanamke yule anajua kazi yake.

Jumapili, 13 Julai

Nimesikia fimbo ya Hajja kabla ya kumwona Hajja. Nikaingia ndani ya machela nikavuta pazia.

Nilisikia yote. Shangazi wa bwana harusi, Bi Fettouma, amempigia simu. "Ameniuliza hali ya jicho la kushoto, Batoul," alisema Hajja. "Hakuuliza hali yangu. Hakuuliza kiuno changu. Jicho." Na kwamba upande wao wamekaa kikao, wanasema si vibaya harusi ikisogezwa mbele kidogo, mpaka watu wajiridhishe. Sauti ya Hajja ilikatika hapo. Nilidhani anakohoa. Hakuwa anakohoa.

Mama alisema hajui lolote, na ni kweli. Akasema uso haukupigwa, alisimamia mwenyewe. Hapo nikaona lazima nimwokoe. Nikatoa kichwa kwenye pazia nikasema ni Touria. Touria ameingia kwenye ukurasa wetu, amekata picha. Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote mwaka huu.

Hajja akanitazama pale juu ya machela, nimekaa kama sultani. Akauliza kwa upole Touria alikataje picha ambayo sisi hatukuipiga.

Nilikuwa sijafikiria upande huo.

Mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliomba msamaha mpaka miguuni kwa Hajja, na Hajja akamwinua akasema yeye hataki msamaha, anataka harusi. Alhamisi atawaalika jamaa wote wa bwana harusi kwenye hina, mchana kweupe, na bibi harusi atafunuliwa mbele yao. Na atakayetangulia kumswalia Mtume na kumtangaza ni yuleyule aliyemkata. Akasema: "Umenigawia mjukuu. Njoo unirudishie mzima, mbele za watu."

Mama akasema mtoto huyu hawezi, Hajja, Zhor ataifanya. Kisha akashika kichwa. Hina ya Nuhaila ilikuwa iwe usiku; Alhamisi mchana Zhor yuko kwa yule bibi harusi mwingine, yule aliyetupata kwa picha zangu.

Jumatano, 16 Julai

Mpango: kupoteza sauti. Mtu bila sauti halaumiwi, anahurumiwa.

Jumatatu nilikula barafu. Nikaharisha. Jana nililala na kitambaa kibichi shingoni. Hakuna. Leo nimepanda paani na mto, nikazamisha uso ndani yake, nikapiga kelele kwa nguvu zote ili koo lipasuke.

Mama alinifuata juu. Macho yake yamejaa machozi. Akasema hakujua kama ninafanya mazoezi kwa siri. Amenipikia mayai na asali. Koo langu liko laini kama hariri.

Nuhaila alipita jioni kuchukua mkanda. Hajacheka leo. Aliniuliza tu kama kweli picha ilikuwa nzuri. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema hata yeye aliiona hivyo, akaenda zake. Tangu hapo siwezi kukaa mahali pamoja.

Ijumaa, 18 Julai

Jana.

Uwanja wa ndani wa nyumba ya Hajja ulijaa mpaka ngazini. Upande wa bwana harusi wamekaa mbele, wamebana midomo. Bi Fettouma alikuwa na miwani usoni na mingine juu ya kichwa. Nuhaila kwenye mito, kaftani ya kijani, mtandio wa kijani umefunika uso wote, mikono magotini ikisubiri hina. Mama alikuwa nyuma yangu ananisukuma na kidole.

Nilitakiwa niseme sala na salamu zimfikie Mtume, kisha sifa za binti, kisha mama afunue mtandio. Maneno nayajua tangu nikiwa mtoto. Nikafungua mdomo.

"Sala" ilitoka. Ndogo, lakini ilitoka. "Na salamu" ikakwama.

Nikasubiri. Wanawake wakasubiri. Kidole cha mama kiliingia mbavuni. Nikaangalia vigae vya sakafu, vizuri sana, nyota za bluu. Nikasikia mtu ananong'ona, halafu wa pili, halafu Bi Fettouma akamwambia jirani yake, si kwa kunong'ona: "Mnaona? Hata mpambaji anaogopa kumfunua."

Hapo nikaelewa kwamba ukimya wangu unamaliza kazi ambayo picha ziliianza. Nilitaka kusema. Mungu anajua nilitaka. Niliona mikono ya Hajja juu ya fimbo imekuwa myeupe. Nikafungua mdomo tena na ndani yake hakukuwa na kitu.

Nuhaila akaushika mtandio mwenyewe, akaurusha nyuma.

Bibi harusi wa hina hasemi. Anainamisha macho, anangoja kufanyiwa. Nuhaila akasema, "Haya, mtangazaji wangu amekwama. Tazameni wenyewe." Akageuza uso kushoto, akautuliza pale. Akageuza kulia, akautuliza. Kisha akatazama mbele. "Bi Fettouma, mama yangu, sogea. Njoo uhesabu."

Bi Fettouma akasogea. Akabadilisha miwani. Akatazama jicho hili, akatazama lile, akashika kidevu akakipeleka kwenye mwanga kama anayenunua tikiti. Akamfinya shavu, pale penye kishimo, akasema, "Masikini sisi, tulikuwa tunataka kumwacha huyu?"

Na akapiga kigelegele yeye mwenyewe. Cha kwanza. Nyumba ikalipuka. Hajja alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akafunika uso kwa ncha ya shela yake.

Nikaimalizia salamu yangu ndani ya kelele hizo, na sifa zote, mpaka mwisho. Hakuna aliyesikia. Ilikuwa nzuri.

Njiani mama alisema nimetoa neno moja, na neno moja ni zaidi ya mwaka jana.

Jumatatu, 21 Julai

Harusi imepita. Nuhaila yuko kwa mumewe. Bwana harusi, naambiwa, ndiye pekee ambaye hakuwahi kusikia habari za jicho, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Lakini mambo ni mabaya kuliko mwanzo.

Wanawake waliokuwa kwenye hina ile wana mabinti, na mabinti wana binamu. Kila mmoja anataka mpambaji ambaye kwake bibi harusi anajifunua na kusema. Wanadhani ilipangwa. Wanadhani ni mtindo. Zhor habanduki tena. Amemtumia Touria salamu na pole ya kiyoyozi. Ila Agosti yote tuna nyumba mbili kwa siku, na nyumba mbili zinataka sauti mbili. Mama ameniwekea mayai na asali kila asubuhi. Anasema nitakwama mara tatu nne, halafu nitazoea. Anasema watu wanapenda nikikwama.

Usiku sijalala. Asubuhi sikukaa. Nimeutazama ukurasa wa Touria: picha zilezile za mwezi uliopita, hakuna moyo, hakuna swali. Masikini. Na hapo nikaona tatizo letu liko wapi. Tuna maharusi wengi mno. Touria hana. Wakigawanyika sawasawa, Zhor peke yake anatosha, na mimi narudi kununua maziwa kwa kidole.

Nimemwandikia kwa jina la kubuni, nikijiita fundi wa picha wa mji mpya, nisiyetaka malipo, napenda sanaa tu. Alijibu kabla sijaweka simu chini. Akaniita mwanangu. Akauliza mbona siongei, naandika tu, nikamwambia nina mafua. Amenitumia picha ndefu ya bibi harusi wake wa mwezi ujao, nzuri sana, na sharti moja: familia ni wakali, uso usionekane kabla ya siku yenyewe.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Safari ile nilikata sehemu moja, ndiyo maana kidole gumba kilitosha. Huyu nitamkata sehemu mbili. Jicho, pua, jicho. Picha tatu. Nimejaribu kwenye simu ya Zhor: hakuna binadamu anayeweza kuzuia sehemu mbili kwa mpigo.

Naweka kesho asubuhi.